Simu Isiyopitia kwa Beryl

Mwezi uliopita tulimzika Zakaria Mutinda. Kanisani nilikaa safu ya nyuma, si kwa unyenyekevu, ila kwa sababu pale nyuma pana ukuta wa kuegemea na mgongo wangu siku hizi haunitii. Mhubiri alisema marehemu alikuwa mtu wa kuunganisha watu. Akarudia kwa sauti, "Alituunganisha!" Watu wakaitikia amina. Mimi nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka puani kama chafya, na mke wangu akanifinya paja mpaka machozi yakanilenga, jambo lililofaa, kwa kuwa waliotugeukia walidhani ninalia. Baadaye tulikwenda ukumbini, Stratford Road, tukala pilau na sambusa, na binti wa marehemu akanijia na sahani yake. "Mzee Mwakio, wewe ulikaa na baba chumba kimoja enzi zile. Alikuwaje?" Nikatazama huku na huku nimwone mwingine wa kumjibu, nikakumbuka kwamba wa chumba kile wote wamekwisha. Nimebaki mimi. Nikamwambia, "Baba yako alikuwa fundi wa kusonga ugali." Hiyo ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote, na tuliporudi nyumbani nikachukua daftari.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji asitafute hapa maneno yaliyopigwa pasi. Wakosaji katika habari hii ni watatu na nitawataja kwa majina, maana nimechoka na watu wanaoandika "fulani" na "bwana mmoja" kana kwamba ubaya hufanywa na upepo. Wa kwanza ni Beryl Hodgkiss. Wa pili ni Zakaria Mutinda, Mungu amlaze anapostahili. Wa tatu nitamtaja mwisho nikipata nguvu. Lakini ajabu ni kwamba nikiukumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kunijia si uchungu. Hunijia mlio, ta-ta-ta-ta, wa vyuma vidogo vinavyopanda ngazi, nami hutabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipobadilisha sarafu zao, na kila mtu dukani alikuwa akigeuzageuza vijisenti kiganjani kama anayesoma bahati yake. Nilifikaje Birmingham si habari ya leo. Tulikuwa wanaume wanne katika chumba kimoja cha juu, Sparkhill, vitanda vinne, kabati moja lisilofunga, na hita ya mafuta ya taa iliyozipa nguo zetu harufu moja, hata ukikutana na koti la mwenzako kwenye basi ulilijua. Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili waliishi mtu na mkewe kutoka Ireland waliogombana kila jioni juu ya televisheni, naye Zakaria akitutafsiria ugomvi wao kwa sauti mbili, ya mume nene, ya mke nyembamba, mpaka tukashika mbavu. Zakaria alikuwa na cheti cha kidato cha nne na kazi ya karani. Alivaa tai hata akipika. Jumapili alisonga ugali wa unga tulionunua kwa Wahindi, kwa majani fulani ya Kiingereza yaliyojifanya sukuma, na kuku mmoja kwa watu wanne. Alikuwa akitugawia yeye, na paja moja lilikuwa lake siku zote. Hatukulalamika. Tulimpenda. Hilo msomaji alijue mapema, ili asije akaniuliza kwa nini nilimwamini.

Felista nilimkuta kwenye sherehe ya kumuaga nesi mmoja aliyekuwa anarudi Nairobi. Nilikuwa nimesimama karibu na sahani ya mandazi nikisimulia jinsi nilivyopotea siku ya kwanza katika basi linalozunguka mji mzima, nikazunguka nalo mara mbili kwa kuona aibu kumuuliza kondakta, na nyuma yangu mtu akacheka kicheko kisichokuwa na breki. Nikageuka. Alikuwa na andazi mkononi na sukari kidevuni. "Mara mbili?" akauliza. "Ya tatu dereva akaniuliza kama nataka kuajiriwa," nikasema. Akacheka tena. Tukazungumza mpaka watu wakaanza kukunja viti. Alikuwa anamalizia mafunzo ya unesi katika hospitali moja kubwa, anaishi bweni la manesi, ghorofa ya pili. Akaniandikia namba ya hospitali kwenye karatasi ya keki. "Jumatano saa moja jioni huwa sina zamu," akasema. "Mwambie opereta unamtaka Felista, bweni la manesi. Na upige kweli. Mwanamume asiyepiga simu sina haja naye." Nilifurahi kuliko alivyojua. Angeniambia nimwandikie barua ningekufa papo hapo. Kwa kalamu nilikuwa mtoto wa darasa la nne, lakini kwa mdomo, mbele ya msichana anayecheka, nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Namba ile nikainakili kwa penseli ukutani juu ya kitanda changu, isije ikapotea. Kitanda cha Zakaria kilitazamana na changu.

Jumatano ya kwanza nilioga kabla ya kwenda kupiga simu. Wenzangu walinicheka. "Sasa sabuni itapita kwenye waya?" aliuliza Zakaria. Kibanda cha simu kilikuwa kona ya barabara, chekundu, kinanuka moshi wa sigara za watu wote wa mtaa. Ukizungusha namba ukapokelewa, simu ilipiga pip-pip-pip, nawe unasukuma sarafu haraka usije ukakatiwa. Nikasukuma. Sauti ya mwanamke ikasema jina la hospitali. Nikamtaja Felista, bweni la manesi. "Na wewe ni nani?" Nikasema Mwakio. Nikasikia kutafuna, kisha, "Hayupo, bab." Bab ni neno la watu wa Birmingham la kumwitia mpenzi, mtoto, hata muuza samaki, sijapata kusikia mapenzi baridi namna ile. Jumatano ya pili, "Amepumzika, bab." Ya tatu, "Laini inatumika." Ya nne, nilipotamka Mwakio tu, simu ikakatwa. Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumatano zangu za miezi mitatu. Siku moja nilijikaza nikaenda mpaka mlango wa bweni. Mama msimamizi akanisukumia karatasi: jina, uhusiano, sababu ya kuja. Nikashika kalamu. Nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni vijana wawili wenye maua, na mkono wangu ukawa mzito kama wa kuazima. Nikairudisha kalamu, nikasema nimekosea nyumba.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kibarua katika kampuni ya kufunga mitambo ya simu. Asubuhi tulikutana ghala la Digbeth, tukapakia makreti kwenye lori, mchana tukayafungua tulikopelekwa, jioni nafagia vipande vya nyaya. Fundi niliyemfuata alikuwa Gurdial Singh, Singasinga wa Nairobi, mzaliwa wa Ngara, aliyeongea Kiswahili cha karakana. Yeye hakuniita kijana wala kibarua. Aliniita "bwana mkubwa" hata akinituma chai. "Bwana mkubwa, lete ile koleo dogo. Si hiyo. Hiyo ya kung'oa meno ya ndovu." Basi asubuhi moja ya baridi akaniambia tunahamia kazi mpya: tunaondoa bodi ya zamani ya simu katika hospitali, ile ambayo opereta anachomeka waya kwa mkono, tunaweka mtambo wa watu kujizungushia namba wenyewe. Akataja hospitali. Nikaangusha kreti. "Mguu?" akauliza. "Moyo," nikasema, akadhani ninatania.

Sheria ya msimamizi ilikuwa moja: fundi atakayeonekana akizungumza na nesi, kazi hana. Kwa wiki nzima nilipita yadi ile kichwa chini, nikipeleleza viatu vyeupe. Kisha siku moja Gurdial akanituma nipeleke fungu la kebo chumba cha opereta, na hapo ndipo nilipomwona Beryl Hodgkiss kwa macho. Nilikuwa nimemwazia jitu. Alikuwa mama mfupi mwenye sweta la waridi, miwani yenye mnyororo, na boksi la chokoleti limefunguliwa kando ya bodi. Mikono yake ilikwenda upesi ajabu, anachomoa huku, anachomeka kule, anasikiliza huku anatafuna. Na juu ya bodi, kati ya kadi ya Krismasi na picha ya paka, palibandikwa kipande cha karatasi. Mimi wakati ule sikuwa msomaji. Lakini kuna neno moja ambalo hata uliandike gizani kwa mkaa nitalisoma, nalo ni jina langu. MWAKIO. Herufi kubwa, na mstari mwekundu chini yake.

Nikatoka. Nikamwita Gurdial, nikamwambia aingie, ajifanye anapima ukuta, asome. Akakaa dakika mbili, akarudi anashika kilemba kwa mikono miwili. "Bwana mkubwa, wewe umefanya nini? Imeandikwa hivi: Mwakio, asiunganishwe na Felista. Msumbufu. Kwa ombi la kaka yake, Bwana Mutinda."

"Felista hana kaka anayeitwa Mutinda."

"Basi Mutinda ni nani?"

"Mutinda ndiye anayetugawia kuku."

Gurdial alikaa juu ya kreti akacheka mpaka akakohoa, nami ningempiga, ila kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyekuonea huruma. Kisha akapangusa macho, akapiga kiganja kwenye fremu ya mtambo mpya. "Wewe unajua hii kitu ilizaliwa vipi? Sikiliza. Marekani, zamani sana, palikuwa na mtu wa kuzika maiti. Kazi yake majeneza. Basi watu wanakufa, yeye hapati simu. Mwenzake wa upande wa pili kila siku anazika. Kumbe, hivi ndivyo wanavyosema mafundi, pale kwenye bodi amekaa mwanamke wa yule mwenzake. Mtu akilia 'nipe mzikaji,' anaunganishwa huko kwao. Huyu mzee akakasirika. Hakwenda kupigana. Akachukua boksi la duara la kuwekea kola za shati, akachomeka pini mviringo, akafikiri, akafikiri, mpaka akapata mashine ya kumtoa yule mama katikati. Mashine haijui wewe ni nani, haijui nani amempa chokoleti. Ukipiga nne, inapanda nne. Basi. Hii yote unabeba kila siku, bwana mkubwa, mama yake hasira, baba yake wivu." Sijui kama kila neno lilikuwa kweli. Lakini sijapata kusikia mahubiri yaliyoniingia namna ile. Tangu hapo yale makreti yalikuwa mepesi.

Jumapili mezani nilingoja Zakaria amalize kugawa. Kisha nikachukua paja kutoka sahani yake, nikalila mbele ya macho yake, nikatafuna na mfupa. Hata wale wa upande wa pili wa ukuta waliacha kugombana. "Vipi, kaka yake Felista?" nikamwuliza. Alibadilika rangi, lakini hakuinamisha kichwa; hilo nalo nitampa. "Mapenzi ni vita, bwana," akasema. "Na nilikuwa nakusaidia. Mtu kama Felista utamwandikia nini, wewe? Atakuonyesha kitabu utakishika kichwa chini miguu juu. Mimi naongea naye kila Jumatano saa moja u nusu, Beryl nampelekea chokoleti, ananiunganisha vizuri sana. Jumapili ijayo anahamia Liverpool kusomea ukunga, nitamsindikiza stesheni ya mabasi Digbeth. Pasaka namvisha pete." Nikauliza yeye Felista anasemaje juu yangu. "Anajua umerudi Kenya," akasema Zakaria, akachukua bawa, akaanza kula.

Siku saba. Gurdial alijitolea kuniandikia kikaratasi. Nikakataa. Nilikuwa nimeshaona kinachotokea maneno yako yakipitia mkononi mwa mtu mwingine. Nilitaka nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, au asiambiwe kabisa. Na mtambo ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, saa nane mchana.

Kwa wasioijua kazi ile, niwaeleze kwa ufupi. Mtambo mpya ulikuwa umekamilika na umeme umo, ila kila laini ilizibwa kwa kabari ndogo ya mbao, isije ikaamka kabla ya wakati. Kabari za safu moja zilifungwa kwenye kamba moja. Saa ikifika, mafundi wanasimama kila mmoja mbele ya safu yake, msimamizi anapuliza filimbi, wote wanavuta pamoja, na kule upande wa pili laini za bodi ya zamani zinakatwa. Jumamosi ile fundi mmoja aliamka na mafua. Gurdial akamwambia msimamizi, "Kamba haihitaji cheti," akanisimamisha safu ya mwisho. Filimbi ikalia. Nikavuta. Kabari zilitoka kama meno ya maziwa, zikamwagika miguuni, na chumba kizima kikaanza kuongea. Ta-ta-ta, kule. Ta-ta, huku. Hospitali nzima ilikuwa inajaribu simu zake, na hakuna hata mmoja aliyemwomba Beryl ruhusa. Kwa simu za kutoka nje alikuwa bado na kiti chake. Za ndani kwa ndani hazikumhusu tena. Na mimi nilikuwa ndani.

Gurdial akachomoa simu ya majaribio kutoka kiunoni, akaining'iniza kwenye fremu, akasema kwa sauti ya kikazi, msimamizi akisikia, "Mwakio! Jaribu nne, saba, mbili." Kisha chinichini, "Korido ya bweni, ghorofa ya pili. Kazi hiyo, bwana. Hakuna anayekukataza kazi." Nikazungusha nne. Mbele ya macho yangu kijiti cha chuma kikapanda ngazi nne, kikageuka chenyewe kutafuta njia. Saba. Kingine, mita mbili kutoka nilipo, kikapanda saba. Mbili, kikageuka mara mbili, kikatulia. Niliyaona maneno yangu yakitembea kabla sijayasema. Ikalia. Ikapokewa na msichana mwenye lafudhi ya Ireland, nikamtaja Felista, naye akapiga kelele koridoni jina lile, na nikasikia ndara zikija mbio.

"Hello? Nani?"

"Mwakio."

"Mwakio yupi? Yule wa basi alikwenda kwao."

"Sijaenda popote. Niko chini yako hapa, ni kuvuka yadi tu."

"Miezi mitatu! Hujapata hata kujifanya umekosea namba?"

Nikaanza kumweleza, na kwa kuwa nilizoea simu za kupigia kelele, nilipiga kelele. Nikataja Beryl, nikataja karatasi, nikataja kuku. Mafundi wakaacha kazi. "Sikia," nikasema, "Liverpool nenda, ukasome. Lakini usivishwe pete."

"Pete ya nani?"

"Ya Zakaria."

"Zakaria? Yule anayeongea kama taarifa ya habari? Ananipigia kila wiki kunisomea hali ya hewa!" Kicheko kikaja, kile kile, bila breki. Kisha kikakoma. "Sasa wewe Mwakio unataka nini? Sema, watu wanangoja simu."

Nikakauka. Mdomo wangu, shule yangu yote, ukafunga. Gurdial akanipiga kiwiko. "Sema, bwana! Hii laini si ya baba yako!"

"Nataka nikusindikize mimi kesho," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu nije kukupokea ukirudi."

"Halafu?"

"Halafu niwe nakupokea hivyo hivyo mpaka tuzeeke."

Nyuma yangu nikasikia Gurdial akiwatafsiria Waingereza, neno kwa neno, na mikono juu. Wakapiga makofi, wakagonga fremu kwa bisibisi, msimamizi mwenyewe akapuliza filimbi. "Ni nini hicho?" akauliza Felista. "Ni simu mpya," nikamwambia, "bado ina kelele." Akasema, "Njoo saa tatu asubuhi. Sanduku ni zito." Na mlangoni, na sweta lake la waridi, alisimama Beryl Hodgkiss akitazama kabari sakafuni. Hakuniita bab.

Kesho yake Digbeth tulifika wote wawili, Zakaria na mimi. Felista akanipa mimi sanduku, na mwavuli akampa Zakaria amshikie. Akaushika mpaka basi lilipoondoka, maskini, na mvua haikunyesha.

Miaka mingi mimi na Zakaria tumekaa mji mmoja, tukisalimiana harusini na misibani. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba aombe. Sasa nimefika kwa yule wa tatu. Mwaka jana simu ililia nyumbani, nikapokea. Alikuwa Zakaria; sauti ilikuwa imepungua, lakini nikaijua. Alisema ni mgonjwa, kwamba kuna neno angependa kutuambia, mimi na Felista, wote wawili. Felista alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, hatua sita kutoka nilipo. Nikasema, "Hayupo." Nikaweka mkonga chini. Felista akauliza nani huyo, nikajibu, "Amekosea namba." Hakupiga tena. Mkosaji wa tatu ni Mwakio, na huyu hana hata kisingizio cha chokoleti.

Jana nilimsomea Felista daftari hili lote, kwa sauti, mpaka hapo. Alicheka palipostahili. Mwisho hakucheka. Alikaa akikunja na kukunjua aproni, kisha akaenda koridoni kwetu, ilipo simu yetu ya zamani ya kuzungusha, ile ambayo watoto wanatusihi tuitupe. Akavaa miwani. Akazungusha namba ya mjane wa Zakaria, moja baada ya nyingine, na kila moja duara likarudi polepole. Akanipa mkonga.

"Sema mwenyewe," akaniambia.

Ikaanza kulia upande wa pili.